Siku tisa, miji minne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapenda historia kuhusu Lisbon, Sevilla, Córdoba na Granada

Tangu nirudi kutoka Ureno na Hispania, kila arusi na kila msiba ninaokwenda hakosi mtu wa kunivuta kando: viza niombe ubalozi upi, treni ipi, nitakula nini huko? Majibu ninayowapa jamaa zangu ndiyo haya.

Kwa nini miji hii minne, wala si Paris, Roma na London?

Kwa sababu mwenye siku tisa akipanga miji mikuu mitatu, siku mbili nzima zitaishia kwenye viwanja vya ndege, na atakachorudi nacho ni picha tu. Halafu London inataka viza yake peke yake.

Miji hii minne ina kisa kimoja. Lisbon ilitoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1147, Córdoba ikafuata 1236, Sevilla 1248, na Granada ikabaki peke yake hadi tarehe 2 Januari 1492. Haikupita miaka saba, Vasco da Gama akawa ametia nanga Mombasa, kisha Malindi, Aprili 1498. Sisi wa pwani tunakijua kisa hiki kuanzia katikati: mizinga, kodi, Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa 1593. Mwanzo wake uko huko. Ukishauona, hata mnara wa Vasco da Gama pale Malindi utautazama kwa jicho jingine.

Siku tisa zinatosha kweli?

Zinatosha ukiwa na adabu ya kuacha mambo. Mimi hugawa hivi: Lisbon usiku tatu, Sevilla mbili, Córdoba mmoja, Granada mbili. Ukiwa na siku ya ziada, ipe Granada. Usiongeze mji wa tano. Najua utaniuliza kuhusu Madrid; Madrid ni safari nyingine.

Wengi huiona Córdoba kwa saa chache wakitokea Sevilla na kurudi jioni. Inawezekana, maana treni ya mwendo kasi huchukua kama dakika 45 tu. Lakini mji ule mchana ni wa makundi ya watalii, na usiku ni wa wenyewe. Lala.

Nianzie wapi?

Kata tiketi ya ndege ya kuingilia Lisbon na kutokea Málaga, ambayo kwa basi si mbali na Granada. Mara nyingi bei haizidi sana ile ya kwenda na kurudi mji uleule, na unaokoa siku nzima ya kurudi nyuma. Kutoka kwetu utaunganisha ndege Istanbul, Doha, Dubai au mji mmojawapo wa Ulaya.

Wapo wanaopenda kufuata tarehe, waanze na Córdoba ya karne ya 8 na wamalizie na Lisbon ya wanamaji. Sibishani nao. Mimi naiweka Granada mwisho kwa sababu moja tu: ukishaingia Alhambra, ngome na majumba ya masultani wa Granada, majumba mengine yote yanaonekana kama vibanda.

Angalia siku ya wiki pia. Makumbusho mengi ya Lisbon na monasteri ya Jerónimos hufungwa Jumatatu, hivyo usitue Jumapili jioni ukitegemea kuanza kesho yake. Majengo ya kale nayo hufungwa kwa ukarabati, wakati mwingine miezi na miezi. Pita kwenye tovuti ya kila jumba kabla hujalipia chochote.

Viza niombe Ureno au Hispania?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Viza ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, haiombwi nchi utakayotua kwanza bali nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa ratiba hii ni Hispania, hata kama utaingilia Lisbon. Siku zikilingana, ndipo unaomba nchi ya kuingilia.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15. Jibu la kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kwenda hadi 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya hapo halipi. Ukikataliwa, hairudishwi. Pasipoti iwe haijazidi miaka 10 tangu itolewe, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000.

Mengine unayajua: taarifa ya benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, mahali pa kulala kwa kila usiku. Neno langu ni moja: karatasi zako zisimulie safari moja. Ukiandika usiku tatu Lisbon kwenye fomu na hoteli ikaonyesha nne, afisa ataanza kusoma upya kila kitu. Na tiketi ya ndege, weka nafasi tu. Usilipe fedha yote kabla ya viza kutoka.

Lisbon hadi Sevilla kuna treni?

Hakuna ya moja kwa moja, na hili hushangaza kila mtu akitazama ramani. Kuna basi la saa sita, saba au zaidi, na kuna ndege ya kama saa moja. Napenda basi. Linalopita kusini huvuka mto Guadiana, na mpaka wenyewe ni kibao tu pembeni mwa barabara. Mtu aliyezoea Namanga au Horohoro atabaki ameduwaa.

Ila jihadhari na saa. Hispania iko mbele ya Ureno kwa saa moja. Mimi nilivaa saa ya mkononi ya marehemu babu, simu imezima, nikashuka Sevilla saa ikisema ni tisa kamili, nikatembea kwa maringo kuelekea kwenye jumba nililokatia tiketi ya saa tisa na nusu. Kumbe imeshakuwa saa kumi na nusu. Tiketi ikafa, na wa kulaumiwa ni babu.

Sevilla hadi Córdoba, na Córdoba hadi Granada, panda treni. Tiketi ukizinunua mapema ni rahisi zaidi. Kwenye vituo vya treni za mwendo kasi mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kwa hiyo fika nusu saa kabla.

Lisbon nitazame nini kama historia ndiyo iliyonileta?

Watakupeleka Belém, mtaa wa kando ya mto, na uende. Ndani ya kanisa la Jerónimos, karibu na mlango, amelala Vasco da Gama kwenye jiwe lililochongwa kamba na mashua. Ujenzi ulianza miaka ya mwanzo ya karne ya 16 chini ya mfalme Manuel wa Kwanza, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Pale mtoni kuna mnara mkubwa mweupe wa wavumbuzi ambao watu huupiga picha wakidhani ni wa kale. Ni wa mwaka 1960, na ulijengwa na utawala wa kidikteta uliotaka kujisifia makoloni.

Lakini nikiambiwa nichague kitu kimoja tu katika mji mzima, ningekwenda kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, kutazama chombo kiitwacho Custódia de Belém. Ni chombo ambacho Wakatoliki huweka hostia takatifu ili iabudiwe: dhahabu tupu na rangi za kuchoma, mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka, kila mmoja na sura yake. Kilikamilika mwaka 1506. Kwenye kitako, maandishi yanasema kilitengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa.

Quiloa ni Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliingia bandari ile na mizinga, akamlazimisha mtawala kulipa. Dhahabu yenyewe ilikuwa imesafiri tayari, kutoka nyanda za juu za Zimbabwe hadi Sofala, kisha kwa majahazi hadi Kilwa. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaja na kundi kubwa la meli, akauteka mji. Nilisimama mbele ya kioo kile muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kazi ya mkono ni nzuri mno, huwezi kuikataa. Na jina la mji wetu limeandikwa pale bila haya, kama risiti.

Jioni shuka mtaa wa Rua do Poço dos Negros. Maana yake ni shimo la weusi. Mwaka 1515 mfalme yuleyule, Manuel, aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa wa Kiafrika zilizokuwa zikiachwa ovyo. Leo ni mtaa wa mikahawa. Kisha panda Carmo, kanisa ambalo paa lake liliporomoka katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Watakatifu Wote, watu wakiwa ibadani. Likafuata wimbi la bahari, kisha moto. Mitaa iliyonyooka ya Baixa unayoiona chini ni kazi ya waziri wa mfalme, Marquês wa Pombal, baada ya balaa hilo. Vichochoro vya Alfama ndivyo vilivyobaki vya zamani, na jina lenyewe ni la Kiarabu.

Na Sevilla?

Alcázar, jumba la wafalme, kwanza, asubuhi, na tiketi ukiwa umeinunua nyumbani. Jumba linalopendwa zaidi mle ndani halikujengwa na Waislamu. Lilijengwa na mfalme Mkristo, Pedro, katika miaka ya 1360, kwa mafundi wa Kiislamu, wengine wakiletwa kutoka Granada kwa rafiki yake Muhammad wa Tano. Kwenye uso wa jumba, katika vigae vya buluu, utasoma kwa herufi za Kiarabu kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mfalme Mkristo, ukutani kwake! Historia ya shule haina nafasi ya watu kama hawa.

La Giralda, mnara wa kengele wa kanisa kuu, ulikuwa mnara wa adhana uliokamilika 1198. Kupanda si kwa ngazi bali kwa njia ya mteremko yenye mapindo 35, ili mwadhini apande kwa mnyama. Hatua chache kutoka hapo kuna hifadhi ya nyaraka za himaya ya Hispania, Archivo General de Indias, iliyoanzishwa 1785. Kuingia ni bure, na watu wengi huipita bila kujua.

Msikilize pia mwongozaji anapotaja mto: Guadalquivir. Ni *wadi al-kabir*, bonde kubwa. Hispania nzima iko hivyo kwa mtu aliyepita madrasa: sukari ni *azúcar*, zeituni ni *aceituna*. Ureno nako utakuta wametukopesha meza, bendera, leso na karata. Neno gereza huelezwa kuwa limetoka kwa *igreja*, kanisa. Namna kanisa lilivyogeuka jela, waulize kuta za Ngome ya Yesu.

Nikiwa Mwislamu, naruhusiwa kuswali katika msikiti wa Córdoba?

Hapana. Jengo ni kanisa kuu la Kikatoliki, na walinzi humzuia mtu anayesujudu au hata kusimama kwa namna ya swala. Si jambo la kujaribu. Swali kwanza unakolala, kisha ingia kutazama.

Na kutazama kuna kazi. Abd al-Rahman wa Kwanza, mkimbizi wa ukoo wa Umayya aliyenusurika mauaji ya jamaa zake, aliuanza miaka ya 785 na 786. Wajao wakauongeza mara tatu. Leo zimesimama nguzo zaidi ya 850, nyingi zimetolewa kwenye majengo ya Kirumi, na kwa kuwa zilikuwa fupi fundi akabuni matao mawili juu ya kila jozi, mawe meupe na matofali mekundu. Mihrabu ya al-Hakam wa Pili ina vijiwe vya dhahabu vilivyotiwa na ufundi wa Bizanti. Kisha unageuka, na katikati ya msitu ule wa nguzo limechomoza kanisa zima lililoanza kujengwa 1523. Halmashauri ya mji yenyewe ilipinga kazi hiyo, mfalme Carlos wa Kwanza akairuhusu.

Kila mtu hutoka na maoni yake. Langu ni kwamba kanisa lile, baya au zuri, ndilo lililoliokoa jengo. Misikiti mingine mikubwa ya mji ule haipo tena.

Kwa muda mrefu sasa wameruhusu watu kuingia bure asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa 2:30 kwa hesabu ya Kiswahili, kwa muda wa saa moja. Hii ndiyo faida ya kulala Córdoba. Ukimaliza, tembea hadi sinagogi dogo la 1315 katika mtaa wa Wayahudi. Mji huu ulizaa wanafalsafa wawili: Ibn Rushd mwaka 1126 na, miaka michache baadaye, Musa bin Maimuni wa Kiyahudi. Kila mmoja amewekewa sanamu. Mwenye nusu siku ya ziada aende magofu ya Madinat al-Zahra, nje ya mji, jumba la kifalme lililojengwa karne ya 10 na kuteketezwa kabla halijatimiza miaka mia.

Tiketi za Alhambra zinaisha kweli?

Zinaisha. Hili ndilo jambo la kwanza kununua baada ya viza, kabla hata ya treni. Nunua kwenye tovuti rasmi. Walanguzi wa mtandaoni huongeza bei kwa kitu kilekile. Tiketi hubeba jina na namba ya pasipoti yako, nawe lazima uwe na pasipoti mkononi. Ina saa maalumu ya kuingia majumba ya Nasri, ukoo wa masultani wa Granada, na ukichelewa basi. Sehemu nyingine za ngome na bustani za Generalife unazizunguka kwa nafasi yako.

Ndani, soma kuta. Yale maneno uliyoyaona Sevilla ndiyo kaulimbiu ya ukoo huu wa Nasri, *wa la ghaliba illa Allah*, na hapa yamerudiwa kila pembe, chumba hadi chumba. Kuzunguka chemchemi ya simba 12 limechongwa shairi la Ibn Zamrak, waziri na mshairi wa ikulu. Watu wanaosifia nakshi za milango ya Lamu watajikuta wanapepesa macho tu.

Mgeni mmoja aliyefika Granada karibu mwaka 1350 ni Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko. Sultani alikuwa mgonjwa, hawakuonana. Miaka kama 20 kabla ya hapo, 1331, mtu huyuhuyu alilala Mombasa na kuisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri. Kwa hiyo kuna angalau mtu mmoja aliyeuona msikiti wa Kilwa na vilima vya Granada kwa macho yale yale, na hakuhitaji bima ya euro 30,000.

Mjini chini, Capilla Real, wamelala malkia Isabel na mfalme Fernando, walioipokea Granada. Marumaru juu ni ya fahari. Shuka ngazi uone majeneza yenyewe, ya risasi, meusi, ya kawaida kabisa. Albaicín, mtaa wa upande wa pili, una msikiti uliofunguliwa 2003, na bustani yake inatazama Alhambra. Hapo swali, hakuna wa kukuzuia.

Msimu gani mzuri?

Machi hadi Mei, au Oktoba na Novemba mwanzoni. Julai na Agosti Córdoba na Sevilla hupita nyuzi 40, na si joto la pwani lenye upepo, ni la tanuri. Juma kuu la Pasaka Sevilla lina maandamano ya kuvutia sana, lakini vyumba hupanda bei vibaya.

Nitakula nini?

Hispania nguruwe yumo hata mahali usipomtarajia, mpaka kwenye maharage na supu. Uliza kila mara. Samaki na mayai vipo kila mahali. Granada, vichochoro vya kupandia Albaicín vina migahawa ya Kimoroko. Lisbon, mtaa wa Mouraria na uwanja wa Martim Moniz una maduka ya halali ya Wabangladeshi na Wapakistani. Lisbon pia utaona *chamuça* kwenye kabati la vioo. Ndiyo, ni sambusa, imefika kwa njia ya Goa na Msumbiji.

Wahispania hula mchana kuanzia saa nane na usiku baada ya saa tatu. Mwenye njaa ya saa moja jioni atazunguka sana.

Nasafiri na mama, magoti yake si mazuri.

Lisbon ndiyo itakayomtesa: vilima, na mawe ya njiani yanateleza mvua ikinyesha. Mlaze Baixa, ambako ni tambarare, na upande naye teksi au tramu, mkoba ukiwa mbele maana tramu za watalii zina wezi wa mifukoni. Sevilla na Córdoba ni tambarare, hana shida. Alhambra kuna basi dogo la kupanda kutoka mjini, lakini ndani ni mwendo wa saa tatu. Mpangie saa ya asubuhi na umwache apumzike bustanini.

Gharama?

Viingilio vya majengo makubwa ni kati ya euro 10 na 25 kila kimoja. Kinachokula fedha ni ndege na vyumba. Kadi ya benki hupokelewa karibu kila mahali. Beba fedha taslimu kidogo kwa basi na kahawa.

Nikiwa kusini, naweza kuvuka mara moja hadi Moroko kwa feri?

Pwani ya Moroko unaiona kwa macho kutoka Tarifa, mji wa kusini kabisa mwa Hispania, na kishawishi ni kikubwa. Lakini tazama viza yako imeandikwa kuingia mara ngapi. Ikiwa ni mara moja, ukivuka umetoka Schengen, na ndege yako ya Málaga itaondoka bila wewe.